Manowari Iliyopwelewa

Picha zinazotiwa fremu na kutundikwa ukutani kwa kawaida ni za ushindi. Manowari ya Marekani iitwayo Missouri inayo picha ya namna hiyo, nayo yajulikana dunia nzima: wajumbe wa Japani wakitia sahihi hati ya kusalimu amri juu ya sitaha yake, tarehe 2 Septemba, 1945.

Lakini ziko picha nyingine za zamani za manowari hiyo hiyo, zenye mafunzo makubwa zaidi. Ndani yake Missouri imepwelewa karibu na pwani ya Virginia, na meli ndogo za kuvutia zimeizunguka.

Asubuhi ya tarehe 17 Januari, 1950, Missouri iliondoka Norfolk. Nahodha wake, William D. Brown, alikuwa ameikabidhiwa kwa wiki tano tu. Alikosea kuyasoma maboya ya njia, akaiacha njia yenye kina. Baadhi ya maofisa wake waliiona hatari wakajaribu kumwonya, asiwasikilize. Chombo cha mita 270 kikapanda fungu wakati maji yamejaa kupita kawaida. Ilibidi mafuta, chakula na risasi vipakuliwe, na mchanga uchimbwe, kabla ya kukinasua tarehe 1 Februari.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo imefundishwa vyema shuleni na maofisini, hata ikasahauliwa kwamba mkuu naye anaweza kuvunjika guu kwa kutosikia la wadogo. Karani aonaye kosa katika jalada hunyamaza, maana amezoea kukemewa. Mwalimu kijana huona mtihani umekosewa, akangoja mwalimu mkuu agundue mwenyewe. Heshima ya namna hiyo ni woga uliovishwa kanzu, na gharama yake hulipwa na wananchi na watoto wao.

Mbele ya mahakama ya kijeshi Brown alikiri kosa, akashushwa nafasi 250 katika orodha ya kupandishwa vyeo. Meli ikatengenezwa, na Septemba mwaka huo huo ilikuwa katika vita vya Korea. Kosa lililotajwa waziwazi lilirekebishika.

Picha ya chombo kilichokwama basi yafaa kutundikwa mbele ya meza ya kila mkuu. Cheo humpa mtu usukani, hakimwongezei macho. Macho mengine yamo vichwani mwa walio chini yake, nao wana wajibu wa kusema, na kusema tena, kabla chombo hakijagusa mchanga.