Raga ilivyoipa lugha kazi mjini Llanelli

Aghalabu tunapojadili jinsi ya kuzinusuru lugha zenye wasemaji wachache, hutaja shule, kamusi na sheria. Ni nadra mno kutaja uwanja wa michezo. Naona kwamba hilo ni pengo kubwa katika fikira zetu, na ushahidi wangu ni Llanelli, mji wa kusini-magharibi mwa Wales uliojipatia jina kwa viwanda vya mabamba ya bati ya kutengenezea mikebe.

Klabu ya raga ya mji huo ilianza katika miaka ya 1870. Wafuasi wake huimba Sosban Fach, wimbo wa Kiwelshi kuhusu sufuria ndogo, na katika uwanja wao wa zamani wa Stradey Park ncha za milingoti ya goli zilivishwa visufuria vyekundu. Mgeni angeweza kucheka. Hata hivyo, akumbuke kwamba katika karne ya 19 zilikuwako shule za Wales ambamo mtoto aliyenaswa akisema Kiwelshi alivishwa kibao shingoni. Wasomaji waliowahi kubeba "diski" katika shule zetu hawahitaji maelezo zaidi. Lugha iliyofukuzwa darasani ilipata hifadhi makanisani, na pia miongoni mwa mashabiki wa raga.

Jumanne tarehe 31 Oktoba 1972, klabu hii iliilaza New Zealand 9-3. Trai ya pekee ilifungwa na Roy Bergiers. Kocha alikuwa Carwyn James, mtu aliyefunza Kiwelshi chuoni. Mwaka 1970 aligombea ubunge hapo Llanelli kwa tiketi ya chama cha kizalendo cha Plaid Cymru akashindwa. Mwaka 1971 akaifunza timu ya Lions, teule la wachezaji wa Uingereza na Ireland, ikaishinda New Zealand kwao katika msururu wa mechi nne. Cha ajabu ni kuwa hakupata kuifunza timu ya taifa ya Wales, kwani alishikilia kuwa kocha awe na kauli kuu katika uteuzi wa wachezaji. Kwa James, fasihi, siasa na raga vilikuwa vitu vya nyumba moja, na vyote alivisema kwa Kiwelshi.

Kabla yake, mwalimu mwingine wa eneo hilo la kusini, Eic Davies, alipoanza kutangaza michezo redioni alibuni istilahi nyingi za raga. Leo trai huitwa cais, yaani jaribio. Winga ni asgellwr, kutokana na neno la bawa. Na yule wa katikati ya safu ya mbele katika skramu ni bachwr, kutokana na neno la ndoana. Maneno hayo yalishika kwa sababu kila Jumamosi kulikuwa na watu wenye haja nayo. Nasi tungali tunaandika "trai" na "skramu". Sina ugomvi na maneno ya mkopo, ila nawaonea Wawelshi wivu kidogo.

Mwaka 1995 raga ya ridhaa iligeuka kuwa ya kulipwa. Mwaka 2003 klabu za miji zikasukumwa chini ya timu za kimaeneo, na Llanelli ikawa msingi wa timu ya Scarlets. Stradey Park ulifungwa mwaka 2008. Kisha Oktoba 2025 Chama cha Raga cha Wales kikatangaza kuwa timu nne za kulipwa, Scarlets ikiwamo, zitapunguzwa ziwe tatu.

Sidai kwamba raga peke yake hutosha. Katika jimbo la Carmarthenshire, ambamo mji huo umo, wasemaji wa Kiwelshi walikuwa asilimia 50.3 mwaka 2001, wakashuka hadi 39.9 mwaka 2021, na Scarlets walikuwa wakicheza miaka yote hiyo tangu 2003. Hata hivyo, lugha inayopungua kwa kasi hiyo haina ziada ya mahali pa kusemwa kwa furaha. Katika uamuzi wowote wa timu gani ivunjwe, Kamishna wa Lugha ya Kiwelshi anastahili kiti mezani kando ya wahasibu.