Wafungulieni Posta Wazee wa Korea

Tarehe 27 Julai 1953, saa nne asubuhi, Jenerali Nam Il wa Korea Kaskazini na Jenerali William Harrison wa Marekani waliketi Panmunjom, wakatia saini, kisha wakaondoka bila kusemezana. Walichosaini ni makubaliano ya kusitisha mapigano ya Vita ya Korea, basi. Yenyewe yalipendekeza uitishwe mkutano wa kisiasa ndani ya miezi mitatu ili Korea itafutiwe suluhu ya kudumu. Mkutano ukaja kufanyika Geneva mwaka 1954, ukavunjika, na mpaka leo mkataba wa amani haujaandikwa. Kisheria, vita ile haijaisha.

Wapo wanaoyasifu makubaliano haya kwamba yamedumu. Yamemdumia nani? Yamewadumia majenerali, watengeneza silaha na watawala wanaohitaji adui wa kudumu ng'ambo ya seng'enge. Kusini, kijana bado huitwa jeshini kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Kaskazini, humaliza jeshini miaka mingi ya ujana wake. Katikati upo ukanda wa kilomita nne kwa upana, karibu 250 kwa urefu, unaoitwa eneo lisilo la kijeshi. Jina hilo ni uongo mtupu! Ardhi yake imejaa mabomu ya kutegwa, na pande zake mbili zina majeshi makubwa kuliko karibu mpaka wowote duniani.

Lakini kinachonichoma zaidi ni ndugu waliotenganishwa. Kusini peke yake, watu zaidi ya 130,000 walijiandikisha kuwatafuta jamaa zao waliobaki Kaskazini. Zaidi ya theluthi mbili wameshakufa. Kuanzia mwaka 2000 serikali hizi mbili zilikubali kuwakutanisha wachache, na Kusini majina yalichaguliwa kwa kompyuta kama bahati nasibu. Mama wa miaka 90 alipangiwa saa chache na mwanawe aliyeachana naye akiwa mtoto, maofisa wamesimama karibu, kisha mabasi yakaondoka. Hapo ndipo unyama wenyewe ulipoanza, kwa sababu baada ya siku hiyo hawaruhusiwi kuandikiana. Hakuna barua, hakuna simu. Hata habari ya msiba haifiki.

Mara ya mwisho walikutanishwa Agosti 2018, kwenye mlima Kumgang, Kaskazini. Aprili ya mwaka huohuo Rais Moon Jae-in wa Kusini na kiongozi wa Kaskazini, Kim Jong Un, walikuwa wameahidi pale Panmunjom kwamba vita ingetangazwa imekwisha kabla ya mwaka kumalizika. Mwaka ukamalizika. Mwaka 2024 Kim akatamka kwamba hataki tena muungano na Kusini, na mwaka 2025 Kusini ikatangaza kuwa Kaskazini inalibomoa jengo la Kumgang walimokuwa wakikutania wazee hao.

Tutaambiwa nyuklia kwanza, usalama kwanza, vikwazo kwanza. Hoja hiyo naikataa kabisa. Barua ya bibi kwa mdogo wake haina urani. Kuifanya rehani ya mazungumzo ya silaha ni ukatili, na katika hilo Pyongyang ina hatia kubwa kuliko wote, maana ndiyo iliyofunga mlango. Ila Seoul, ambayo sheria yake inamtaka raia aitaarifu serikali anapowasiliana na ndugu yake wa Kaskazini, na Washington, ambayo jenerali wake alisaini makubaliano yale, nazo hazina mikono safi.

Wala tusiseme haya ni ya Waasia. Ethiopia ilipeleka maelfu ya askari kupigana kule, na zaidi ya 120 walikufa. Afrika ilitoa damu yake katika vita hii, kwa hiyo ina haki ya kudai, kwenye Umoja wa Mataifa ambao bendera yake ilipepea pale, kwamba barua ziruhusiwe sasa, kabla ya mkutano wowote wa wakubwa. Njia inajulikana: mwaka 2001 barua 300 za kila upande zilivuka Panmunjom kupitia Msalaba Mwekundu. Majina yapo kwenye orodha, na wenye majina hayo wengi wamepita miaka 80.