Nani Mtunzi wa Filamu Bubu?

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba filamu bubu, kwa vile haina sauti, haina mtunzi ila mwelekezi. Dai hili ni potofu. Jeanie Macpherson aliigiza chini ya D. W. Griffith tangu 1908, kisha akawa mwandishi wa Cecil B. DeMille. Katika *The Ten Commandments* (1923), ndiye aliyeandika kisa cha Musa na kile cha ndugu wawili wa karne ya 20, mmoja mtiifu, mwingine mvunja amri. Muunganiko huo wa visa ndio unaobeba maudhui ya filamu nzima. Je, huo si utunzi? Kumwita Macpherson msaidizi tu wa DeMille ni kuhakiki jina la mwelekezi badala ya kuihakiki kazi yenyewe.