Damu ya Puani Haingoji Subira Yetu



Ndugu zetu wasomaji, wazazi na wanafunzi, safari hii tumeamua kusema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya watu, na hasa wale tunaowaheshimu sana: bibi zetu, maustadhi wetu, na sisi wenyewe kina baba na kina mama. Tunataka kusema juu ya mtoto anayetokwa na damu puani, na juu ya yale tunayomfanyia. Mtu atauliza, jamani, damu ya puani nayo ni jambo la kuandikiwa makala? Ndiyo, ni jambo. Soma mpaka mwisho kisha utukasirikie.

Kiangazi kimoja hapa Bujumbura, katika mtaa wetu wa Buyenzi, vumbi likiwa limejaa kila mahali, mtoto wa kiume wa miaka tisa alianza kutokwa na damu puani akiwa madrasa, baada tu ya Sala ya Alasiri. Kila mmoja akafanya alichokijua. Mwenzake akamshika kidevu na kumwinua kichwa kitazame dari. Ustadhi akaagiza maji baridi, akamwagiwa utosini. Mama jirani akaja na kitunguu anuse. Mwingine akasokota pamba na kuishindilia ndani ya tundu la pua. Damu ikaonekana imekata, watu wakasema alhamdulillah, masomo yakaendelea.

Kumbe haikukata. Ilibadilisha njia tu. Ilikuwa inashuka kooni kwenda tumboni, na mtoto anameza kimya kimya kwa sababu ameambiwa asiteremshe kichwa. Alipofika nyumbani akatapika damu nyeusi, nyingi, na hapo ndipo neno JINI lilipotamkwa kwa mara ya kwanza. Akasomewa. Damu ikaanza tena. Akasomewa tena. Tangu Alasiri mpaka Isha, zaidi ya saa tatu, hakuna mtu hata mmoja aliyembana pua, wala hakuna aliyetazama saa. Alipofikishwa hospitali midomo ilikuwa imepauka na hawezi kusimama peke yake. Akaongezewa damu. Yuko hai, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana hapo ndipo hoja yetu ilipo. Daktari aliuliza swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza pale nyumbani: katika ukoo wenu, kuna mwingine anayetokwa na damu isiyokatika? Bibi yake akajibu bila wasiwasi kwamba ndiyo, mjomba wake mtoto alipotahiriwa alitokwa na damu siku tatu, nusura afe, na mama mdogo wake hedhi humwangusha kitandani kila mwezi. "Ni ya ukoo hiyo," akasema bibi, kama mtu anayefunga mazungumzo.

Ya ukoo! Miaka yote hiyo neno hilo lilitumika kumwambia kila mtu kwamba hakuna haja ya kwenda hospitali, ilhali lilikuwa ndiyo sababu kubwa ya kwenda. Yapo maradhi ambayo damu ya mtu haigandi kama inavyotakiwa, na hurithiwa. Mojawapo lilielezwa mwaka 1926 na daktari wa Finland, Erik von Willebrand, aliyechunguza familia moja ya visiwa vya Åland. Msichana wa familia hiyo, ambaye daktari alimwona akiwa na umri wa miaka mitano, alifariki akiwa na miaka kumi na tatu kwa damu ya hedhi. Ugonjwa huo mpaka leo unaitwa kwa jina la daktari huyo, huwapata wanaume na wanawake, na dalili yake ya kawaida kabisa ni damu ya puani inayokuja mara kwa mara na haitaki kukatika. Sisi Waislamu tunatahiri watoto wetu wa kiume wote. Basi mzazi anayejua kwamba mwanawe hutokwa na damu ya puani kwa muda mrefu, au hupata mavilio ya damu mwilini bila kugongwa, au fizi zake huvuja damu, kisha akampeleka kutahiriwa bila kumwambia daktari, anacheza na roho ya mtoto. Ni hivyo hivyo kwa kung'oa jino. Na mtoto wa namna hiyo asipewe aspirini, maana aspirini huifanya damu izidi kuwa ngumu kuganda.

Tunajua yatakayosemwa, kwa kuwa tumeshayasikia barazani.

La kwanza ni kwamba hiyo ni damu chafu, iachwe itoke, ni kama hijama aliyoileta Mwenyezi Mungu mwenyewe. Hili tumelisikia kwa masikio yetu kutoka kwa mtu mwenye elimu, na lilitusikitisha. Hijama ina mahali pake, ina kipimo chake, na anayeifanya huiona damu na huisimamisha. Nani amewahi kumfanyia mtoto hijama tangu Alasiri mpaka Isha? Damu inayotoka puani ni ile ile inayokwenda moyoni na kwenye ubongo, haina uchafu wowote.

La pili ni tawakkul na subira. Hapa ndipo tunapokasirika. Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akajeruhiwa kichwani kwa jiwe, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamjibu kwa ukakamavu kwamba hawamwoni na ruhusa madhali maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alisema kwamba wao ndio waliomuua, na akawalaumu kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui. Imepokewa na Jabir (r.a.), imo katika Sunan ya Abu Daud. Tafakarini, ndugu zetu. Wale hawakuwa watu waovu. Walitaka dini, walitaka subira, lakini walimtolea mgonjwa hukumu bila ujuzi. Na mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute dawa, aliwaamrisha wajitibu, kama ilivyopokewa na Usama bin Sharik (r.a.). Basi kukaa na mtoto anayevuja damu huku tukiita jambo hilo subira tumelitoa wapi? Subira ni ya mgonjwa juu ya maumivu yake. Anayemuuguza hakupewa ruhusa ya kusubiri kwa niaba ya mgonjwa.

La tatu ni ruqya. Hatuipingi hata chembe, kama tulivyokwisha sema kwamba mtoto alisomewa na hatuoni ubaya. Msomee. Msomee huku umembana pua! Mdomo wako unasoma, vidole vyako vinafanya kazi, na jicho lako liko kwenye saa. Nani alisema ni lazima kuchagua?

Tuingie sasa katika namna yenyewe, na tunaomba muifundishe madrasa na majumbani, maana ni rahisi kiasi kwamba mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Damu nyingi za puani, takriban tisa katika kila kumi, hutoka mbele, kwenye ule ukuta wa katikati unaogawa matundu mawili, mahali ambapo mishipa midogo mingi hukutana karibu sana na ngozi. Ndiyo maana vumbi la kiangazi, mafua na kucha za watoto huitoboa. Na ndiyo maana vidole vyako viwili vinatosha. Mkalishe mtu kitako, asilale. Ainamishe kichwa MBELE kidogo, kama anayetazama miguu yake. Bana sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, matundu yote mawili pamoja, kwa nguvu ya kutosha. Wengi hubana juu kwenye mfupa na huko hakuna faida yoyote. Apumue kwa mdomo, na damu inayoingia mdomoni aiteme kwenye bakuli, asiimeze, kwa kuwa damu tumboni hutapisha na pia inakuficha usijue amepoteza kiasi gani.

Kisha, hapa ndipo wengi tunaposhindwa, tazama saa na usiachie mpaka zipite dakika kumi hadi kumi na tano. Usichungulie. Kila unapochungulia unaondoa kile kitone kilichokuwa kinaanza kuganda na unaanza upya. Sisi tumejaribu kumkalisha mtu dakika kumi na tano kwa saa, na tunakiri ni ndefu kuliko tulivyodhani. Mtu akihesabu kwa kichwa chake ataachia dakika ya tatu huku akiapa kwamba zimefika kumi. Ikikatika, asipenge kamasi wala asichokonoe siku hiyo, asinywe chai ya moto, asibebe ndoo ya maji. Vaselini kidogo mbele ya tundu la pua husaidia wakati wa ukavu. Pamba na karatasi usizishindilie ndani, maana ukizitoa zinaondoka na kidonda.

Na ukishabana sawasawa, ukarudia mara ya pili, na nusu saa ikapita damu haijakatika, ondoka. Usimngoje baba mwenye nyumba arudi kazini, usipige simu tatu za kushauriana, na usingoje adhana. Chukua pikipiki au teksi, na njiani endelea kubana.

Wapo wasiotakiwa hata kungoja nusu saa hiyo. Aliyeanguka au kupigwa kichwani. Anayemwaga damu kwa wingi, au anayetapika damu, au anayehisi kizunguzungu na kupauka. Anayepumua kwa shida. Mtoto mchanga chini ya miaka miwili, kwani kwa umri huo damu ya puani si jambo la kawaida. Na wazee wetu, hasa wanaotumia dawa za kuyeyusha damu kama warfarin, au wenye presha. Kwa mtu mzima damu huweza kutoka nyuma kabisa ya pua, mahali ambapo vidole havifiki, nayo huteremka kooni hata ukibana vizuri namna gani. Dawa hizo asiziache kwa shauri lake mwenyewe. Aende nazo hospitali akazionyeshe.

Homa pamoja na kutokwa damu ni jambo jingine, na kwa eneo letu hatuna udhuru wa kulidharau. Jirani zetu wa Rwanda walitangaza mlipuko wa Marburg Septemba 2024. Waliothibitishwa kuugua walikuwa 66, waliofariki 15, na wagonjwa wengi walikuwa wahudumu wa afya. Ulitangazwa umekwisha Desemba mwaka huo huo. Hatusemi kila homa ni Marburg, na malaria bado ndiyo inayotuua zaidi, lakini mwenye homa anayetokwa na damu apelekwe siku hiyo hiyo, na anayemhudumia asiishike damu hiyo kwa mkono mtupu.

Atabaki mtu wa kusema fedha. Huyu tunamheshimu zaidi ya wote waliotangulia, kwa sababu hasemi uongo. Faranga hazipo, na hospitali si bure. Lakini tumjibu mambo mawili. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, serikali ilitangaza mwaka 2006 kwamba watibiwe bure katika vituo vya umma, kwa hiyo aulize haki yake kabla ya kukata tamaa. Na kwa wengine, kupimwa mapema na kuchomwa kile kishipa kidogo cha mbele kwa dawa, jambo la dakika chache, au kuzibwa pua kwa bendeji na daktari, ni gharama ndogo ukilinganisha na kulazwa na kuongezewa damu. Familia ya yule mtoto ililipa gharama ile kubwa. Msikiti ulichangishana siku mbili. Je, tungeweza kumchangia nauli ya pikipiki jioni ile ile? Tungeweza. Tulikuwa tumekaa barazani tukijadili ni jini wa aina gani.

Mwisho, wanafunzi wametuuliza juu ya Ramadhani na juu ya sala, kwa kuwa wengine huacha kubana pua wakiogopa funga yao. Damu inayotoka yenyewe haibatilishi funga. Ya kooni iteme, usiimeze kwa makusudi. Kuhusu udhu, madhehebu yametofautiana: kwa Shafii, ambayo wengi wetu tunaifuata, haitengui, na kwa Hanafi damu inayotiririka hutengua. Ama aliye ndani ya sala na damu inamwagika kwenye nguo, atoke kwenye safu bila aibu, akae kitako, abane. Na atakayeambiwa na daktari afungue ili apewe dawa, afungue. Atailipa siku nyingine, kama Qur'ani ilivyomruhusu mgonjwa katika Suratul Baqara.

Yule mtoto amerudi madrasa. Ustadhi wake ametundika saa ukutani.

Wabillahi tawfiq.