Bakteria wa Maziwa Yetu Wanahifadhiwa Ugenini

Mwanafunzi wa huku kwetu akiulizwa habari za ziwa Simbi Nyaima, atasimulia kisa cha ajuza aliyenyimwa makao hata kijiji kizima kikagharikishwa. Ni jibu zuri, nami silibezi. Lakini ndani ya maji yale ya magadi, karibu na Kendu Bay, wamo viumbe wasioonekana kwa macho, na sina shaka kwamba baadhi yao hawajapata kupewa jina.

Mtafiti wa bakteria huchota maji au tope, akaotesha vijidudu katika chakula chenye magadi mpaka apate aina moja tu, kisha husoma jeni zake na kuzilinganisha na za wale wanaojulikana. Ikibainika kuwa ni spishi mpya, hutangazwa katika jarida la kimataifa, na vijidudu hai huwekwa katika hazina mbili zilizo katika nchi mbili tofauti. Hapo ndipo penye uzito. Ziwa Magadi lilimpa jina Natronobacterium magadii mwaka 1984 (jina la jenasi likabadilishwa baadaye, la Magadi likabaki), na Bogoria ikampa jina Bogoriella mwaka 1997. Anayetaka kuwaotesha leo huweza kuwaagiza kutoka Ujerumani!

Wapo watakaouliza tope lina faida gani. Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walichukua sampuli Bogoria. Kutokana na bakteria hao, kampuni ya Genencor ilipata vimeng'enya vya kupausha suruali za jeans na vya kutia katika sabuni. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza kwamba litadai sehemu ya faida. Mwaka 2007 likatia saini mkataba na Novozymes ya Denmark, na tangu 2014 Itifaki ya Nagoya inataka idhini na mgawo vikubaliwe kwanza.

Hata hivyo, sheria hiyo haimfai sana asiyejua alicho nacho ghalani. Kwa maoni yangu, vyuo vikuu vya Rongo na Tom Mboya vingeifanya Simbi Nyaima kuwa shamba lao la utafiti, na hazina mojawapo kati ya zile mbili iwe hapa Kenya. Shule zetu za Ogwedhi hazihitaji mashine ya kusoma jeni. Zinahitaji hadubini, chupa ya maji ya ziwa, na mwalimu aliyeruhusiwa kuiacha silabasi kwa alasiri moja.