Tusidanganyane: kadena haitamaliza wizi wa njiani



Msimu uliopita tulipakia mifuko 120 ya kakao, kila mfuko kilo 60, kwenye kamio moja iliyotoka upande wa Beni kwenda Kasindi. Njia yenyewe ni kilometa kama 80 tu. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, kamio ikakwama kwenye matope, ikalala njiani usiku tatu. Ilipofika depo, mifuko ilikuwa 118. Walipoipima siku sita baadaye, pahali pa kilo 7,200 walipata kilo 6,910. Kilo 290 hazikuonekana.

Mkutano ukawaka moto. "Konvwayeri njo mwizi! Alipe!" Kijana huyo ni mtoto wa mwanamemba mwenzetu. Usiku wote watatu alilala juu ya mifuko, chini ya bashi, mvua ikimpiga. Ilibaki kidogo tumfukuze. Baba yake akasimama, akasema: "Kama mutoto wangu iko mwizi, mimi pia nitauzisha kakao yangu kwa banunuzi ba njiani." Wengine watano wakasema watamfuata. Hapo ndipo tuliogopa kweli. Kilo 290 ni hasara, lakini koperative hufa kwa kushukiana kabla haijafa kwa hasara.

Basi tulirudi kwenye karatasi, tukafanya hesabu polepole.

Mifuko miwili iliyopotea ni kilo 120. Huo ni wizi, hakuna la kubisha. Lakini tulipopakia, unyevu wa kakao ulikuwa asilimia 8, na depo walikuta asilimia 7. Kwa mifuko 118, tofauti hiyo peke yake ni kilo kama 76. Yalikuwa maji, yamekwenda na hewa. Hakuna mtu aliyeyaiba, na sisi tulikuwa tayari kumlipisha kijana! Zilibaki kilo kama 94. Tulipogeuza mifuko tuliona vitundu vidogo. Mtu anadunga gunia na bomba lenye ncha, kakao inatiririka kama maji, kisha anasukuma nyuzi za gunia kwa kidole na tundu linajifunga. Kilo mbili huku, kilo tatu kule. Ukihesabu mifuko, yote iko. Ukiipima, ndipo unajua.

Nani alifanya vile? Mikono iliyogusa mzigo ule ilikuwa mingi: wapakizi, shofa, konvwayeri, vijana waliosaidia kusukuma kamio kwenye matope, wale wanaopanda nyuma wakati kamio inapanda mlima polepole, watu wa bariyeri, watu wa depo. Hatukujua, na mpaka leo hatujui.

Tunaandika haya sababu kila mwaka wanamemba wanadai komite "imalize wizi". Na kila mwaka komite inaitika ndiyo, inanunua kadena mpya, inaongeza mlinzi mmoja. Tuseme ukweli: tunadanganyana. Kadena inafunga mlango, lakini kamio zetu nyingi hazina mlango, zina bashi na kamba. Plombe yenye namba ni nzuri, lakini haizuii kisu. Inakuambia tu kwamba mtu alifungua. Mlinzi mmoja hawezi kuona pande nne za kamio usiku. Mkiweka walinzi wanne, chakula chao na malipo yao ya siku nne vinaweza kupita bei ya mifuko miwili mliyotaka kulinda. Na kakao ni mali yenye kutamanisha: mwaka 2024 bei yake duniani ilipita dola 10,000 kwa tani. Mali ya namna hiyo ikipita kwenye barabara mbovu, mbele ya watu wenye njaa, itaguswa.

Kuna jambo lingine ambalo wengine wanaona haya kulisema. Kwenye njia zetu wizi haufanywi na vijana wa bomba peke yao. Kuna watu wenye silaha. Kumwambia konvwayeri "usiachilie mzigo" ni kumtuma akafe kwa ajili ya gunia. Kakao itavunwa tena msimu ujao. Mtoto wa mtu havunwi mara ya pili. Tunaomba kila koperative iandike wazi katika kanuni zake: penye bunduki, konvwayeri aache mzigo, na hatalipishwa.

Sasa, tukae mikono mitupu? Hapana. Hatuwezi kumaliza wizi, lakini tunaweza kujua mali ilipotelea wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mahali mzigo unapobadilisha mikono, uhesabiwe, upimwe, unyevu uandikwe, na wote wawili watie saini kwenye bordero: anayetoa na anayepokea. Shofa akikataa kutia saini, msipakie. Depo ipime siku ileile ya kufika, mbele ya konvwayeri. Kosa letu kubwa lilikuwa zile siku sita. Tulipoteza ukweli katika siku hizo kuliko tulivyoupoteza njiani.

Karatasi hiyo si ya bure. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria yake ya usafirishaji kwa barabara inasema msafirishaji anajibu juu ya mali tangu anapoipokea mpaka anapoikabidhi. Lakini bila saini utamshtaki na nini? Upungufu ukionekana, uandikeni kwenye bordero siku ileile, kamio ikiwa bado hapo. Hata hivyo msitegemee kupita kiasi. Mwenye kamio moja ya zamani, hata ukimshinda, mara nyingi hana kitu cha kukulipa.

Na mjihadhari na uzito unaotimia vizuri mno. Kuna wanaochota kakao kisha wanamwagia maji juu ya mifuko ili mizani isiseme kitu. Hapo kilo zote zipo, lakini baada ya wiki chache kuna ukungu, na mnunuzi anarudisha mzigo mzima. Ndiyo maana kipima unyevu kinastahili nafasi yake karibu na mizani.

Inabaki swali gumu zaidi: hasara isiyo na mwenyewe ibebwe na nani? Zamani tuliibeza juu ya mnyonge. Mara konvwayeri, mara yule mama ambaye mifuko yake ilikuwa na alama iliyokosekana. Sisi tunaona si haki. Mzigo ukishapanda kamio ni wa wote, na upungufu wake ni wa wote. Tukate kidogo kwa kila kilo kabla ya msimu, tuweke kwenye kisanduku cha hasara, hesabu isomwe mbele ya mkutano. Kisichotumika kigawanywe mwisho wa mwaka.

Wengine watauliza: je, hiyo haitawapa wezi wa ndani nafasi ya kula? Inaweza. Ndiyo sababu kisanduku kisilipe kitu bila bordero yenye saini zote. Tukiwa na karatasi za misimu miwili, mitatu, tutaona ni kamio ya nani inayopungukiwa kila mara. Hapo tutamwacha mtu tukiwa na ushahidi, bila kupiga kelele.

Yule kijana bado ni konvwayeri wetu. Baba yake bado analeta kakao depo. Safari hii, kabla ya kamio kuondoka, baba na mtoto walisimama pamoja kwenye mizani, wakahesabu mfuko kwa mfuko, na shofa akatia saini mbele yao.