Ubwari si kisiwa

Juma hili tunaweka kando kidogo habari za akiba na za chanjo, tuzungumze juu ya barua. Ni ile barua ambayo kijana anaandika ili apokelewe chuo kikuu, akieleza yeye ni nani na kwa nini anataka somo lile na si lingine. Wengi wetu tunaona ni kazi ya mtoto na walimu wake. Alhamisi tuligundua kwamba mama naye yumo ndani, hata kama hakuulizwa.

Tulikuwa tumemaliza kuhesabu feza za AVEC. Mwenzetu mmoja akatoa simu, akasema binti yake amemtumia sauti. Binti huyo anaishi Uingereza kwa mama yake mdogo. Anamaliza sekondari na anataka kusoma fasihi ya Kiingereza, maana yake riwaya, mashairi na michezo ya kuigiza, miaka 3. Alikuwa ameandika barua yake, akaitafsiri kwa Kiswahili ili mama asikie.

Barua ilianza na usiku wa mwaka 1996. Mtumbwi umejaa, mawimbi, watu wanakimbilia Kigoma, na msichana wa miaka 12 ameambiwa asilie. Tulinyamaza wote. Lakini yule msichana hakuwa mwenye barua. Alikuwa mama yake, huyu aliyeketi nasi. Sauti haijaisha, akaigeuza simu kifudifudi juu ya mkeka.

“Ile ni yangu,” alisema. “Nilimsimulia yeye. Sikuwasimulia walimu wake.”

Hapo maneno yakawa mengi. Mmoja wetu akamwambia, “Dada, mwachie tu. Wazungu wakisikia vita wanafungua mlango.” Hatumcheki. Wengi wetu tulipita Nyarugusu, na wengine Lugufu, na tulijifunza kwenye mistari ya kugawiwa vitu kwamba anayeeleza shida yake vizuri ndiye anayepata turubai. Tukawafundisha na watoto bila kujua. Leo mtoto akiambiwa “jieleze”, anaanza na kilio, hata kama kilio si chake.

Sisi tulikuwa upande wa mama. Hatusemi vita vifichwe. Mtoto aliyeviona kwa macho yake na akataka kuviandika, aviandike. Lakini habari ya mtu mwingine inaombwa, hata kama mtu huyo ni mama yako. Na kuna jambo la pili, ambalo lilitusaidia kumshawishi binti kuliko lile la kwanza: barua ile haikuwa inajibu alichoulizwa.

Tulimwomba atusomee maswali yenyewe. Kule Uingereza maombi yote yanapita kwenye ofisi moja inayoitwa UCAS, na kijana anaruhusiwa kuchagua masomo hadi 5 katika vyuo mbalimbali kwa barua ile ile. Zamani barua ilikuwa moja ndefu, kila mtu anaanza anakotaka. Kwa wanaoingia chuo mwaka 2026 wameigawa maswali 3. Kwa nini unataka somo hili? Masomo uliyokwisha kusoma yamekuandaa namna gani? Na nje ya shule umefanya nini kinachokusaidia? Majibu yote pamoja yasipite herufi 4,000, ukihesabu na nafasi kati ya maneno, na kila jibu lisipungue herufi 350. Yaani ni kama ukurasa mmoja na kidogo. Yule binti alikuwa amekula karibu nusu yake akiwa bado kwenye mtumbwi.

Tena tuseme hili kwa wale wanaopenda kuomba barua ya jirani ili wabadilishe jina, jinsi tunavyofanya hapa kwenye vibanda vya kuchapisha. UCAS wana programu inayolinganisha barua na nyingine zilizokwisha kutumwa, na wakikuta zimefanana wanavijulisha vyuo.

Basi tukamwuliza binti: wewe umesoma nini kikakukaa kichwani? Akataja kitabu cha Joseph Conrad juu ya mto Kongo, kilichotoka kama hadithi ya gazetini mwaka 1899. Akataja na Chinua Achebe, ambaye mwaka 1975 alisimama kwenye chuo kimoja cha Marekani akakilaumu kitabu hicho kwa namna kinavyowaonyesha Waafrika. Vizuri. Lakini alikuwa anavitaja kama mtu anayesoma orodha ya soko. Kisha, kama jambo la pembeni, akasema: “Mama, kuna kitu nilitaka kukuuliza. Ubwari ni kisiwa?”

Tulicheka mpaka watoto wakaja kuchungulia.

Alikuwa amekuta maktaba kitabu cha Richard Burton, Mwingereza aliyefika kwenye ziwa letu mwaka 1858 pamoja na John Speke. Kitabu kilichapishwa London mwaka 1860. Ndani yake Ubwari anaiita kisiwa. Naye alifika kule kwa mtumbwi, alipaona! Hata leo ile ghuba iliyo kati ya Baraka na Ubwari inaandikwa kwenye ramani kwa jina la Burton. Mwenzetu mmoja aliyeolewa Ubwari akasema, “Basi mimi nilipelekwa kwa mume kwa miguu juu ya maji, kama Petro.”

Tulipotulia, mama wa binti akamweleza taratibu. Ukitoka ng'ambo kwa mtumbwi, unaona milima imesimama peke yake majini, na unaweza kudanganyika. Lakini ukizunguka ghuba kwa upande wa kusini, nchi kavu inakupeleka mpaka Ubwari. Binti akauliza maswali mfululizo. Burton alimwuliza nani? Kwa lugha gani? Aliyejibu alielewa neno gani? Na watu waliosoma kitabu kile kule London, nani angewaambia?

Tukamwambia: hayo ndiyo uandike. Mtu anayesoma kitabu cha Kiingereza kisha akakibishia kwa jambo analolijua kwao, huyo tayari ameanza kazi ya somo lile. Hata Conrad na Achebe wakapata mahali pao, kwa sababu swali lao ni lile lile: nani anasema juu ya nani, na nani hakuulizwa.

Swali la 3 lilimshinda kidogo. Alisema nje ya shule hafanyi kitu, anamsaidia mama mdogo tu. Kumsaidia vipi? Kusoma barua za ofisi, na kwenda naye hospitali kutafsiri. Mama mdogo akisema “roho inanienda mbio”, yeye anajua kwamba kwetu roho ni moyo unaopiga kifuani, wala si ile roho ya kanisani, na kwamba akikosea daktari atatibu kitu kingine. Tangu ana miaka 11 anapima maneno hivyo, na hakulihesabu kuwa jambo! Watoto wa kike ndivyo walivyo. Kazi ya nyumbani hawaioni kuwa kazi. Hilo nalo likaingia.

Wenye mabinti wanaojiandikisha ISP huko Bukavu, au wanaoomba msaada wa masomo wakiwa kambini Tanzania, wawaulize maswali hayo hayo kabla barua haijaandikwa. Nanyi mkisomewa jambo lenu ndani ya barua, mna haki ya kusema ndiyo au hapana.

Siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa bado mbele, 14 Januari, lakini binti hakungoja. Kabla ya kutuma alipiga simu, akamwomba mama ruhusa ya sentensi moja. Mama akafikiri siku mbili, akakubali. Kwa hiyo kwenye jibu la kwanza, baada ya habari za Ubwari, imeandikwa kwamba mama yake alilivuka ziwa hilo mwaka 1996. Hakuna mtumbwi, wala kilio. Majibu bado hayajafika.